Bei ya Kuishi Katika Mji-Dola: Athene, Kilwa, Singapore au Monaco?

Mji-dola ni mji unaojitawala: una sheria zake, hazina yake na mlango wake. Ila mara nyingi shamba lake halimtoshi mlaji, na maji na ulinzi navyo vina bei. Anayelipa ni mkazi. Tulinganishe minne, miwili ya kale na miwili ya leo.

Athene, karne ya 5 na 4 KK
Kuanzia mwaka 451 KK, raia alikuwa yule tu ambaye baba na mama yake wote ni Waathene. Mgeni mkazi mwanamume alitozwa drakma 12 kwa mwaka, yaani kama ujira wa siku 12 wa fundi katika karne ya 5. Fedha hiyo inalipika. Kinachouma ni masharti: bila kibali maalumu hamiliki nyumba wala ardhi, hapigi kura, lakini vitani anaitwa. Asipolipa, aweza kuuzwa utumwani. Mkate nao ulitegemea ngano ya Bahari Nyeusi. Manowari za Athene, zilizolinda njia ya ngano hiyo, zilipoangamizwa mwaka 405 KK, njaa iliingia na mji ukasalimu amri mwaka uliofuata.

Kilwa, karne ya 14
Hapa gharama kuu ya mfanyabiashara ilikuwa ushuru. Alichopata ni soko la dhahabu ya Sofala, na mji ambao msafiri Ibn Battuta aliusifu alipoutembelea mwaka 1331. Shika sarafu ya shaba ya Kilwa kiganjani: ni ndogo, upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili unamtaja Mola, na maneno ya pande zote mbili yana vina. Mji unaopiga sarafu yake umejitosheleza kwa heshima. Upungufu wake ni ulinzi: Wareno waliuteka mwaka 1505.

Singapore
Takriban wakazi 8 kati ya 10 wanaishi kwenye fleti za serikali, zinazouzwa kwa hati ya miaka 99. Mpya kabisa hupewa kwanza familia zenye raia. Gari ndilo mzigo: kibali cha kulimiliki kwa miaka 10 hupatikana kwa mnada, na mwaka 2023 kilipita dola 100,000 za Singapore, gari lenyewe bado. Vijana wa kiume hutumikia jeshi miaka 2. Sehemu ya maji inatoka Johor, Malaysia, kwa mkataba unaoisha mwaka 2061.

Monaco
Wakazi hawalipi kodi ya mapato tangu 1869, isipokuwa Wafaransa. Lakini eneo zima ni kilomita za mraba 2 hivi, na mita moja ya mraba ya nyumba hupita yuro 50,000. Ulinzi ni jukumu la Ufaransa. Usichomlipa mtoza kodi unamlipa mwenye nyumba.

Uamuzi wetu
Mwenye mtaji mkubwa ataridhika Monaco. Mwenye bidhaa angefaidika Kilwa. Mwenye mshahara na watoto achague Singapore, mradi apate uraia, kwa kuwa imeifanya nyumba ya mtu wa kawaida kuwa kazi ya dola. Kabla ya kuulizia kodi, ulizia kwanza nani anawalisha wakazi, nani anawalinda, na nani ana haki ya kubaki. Majibu hayo ndiyo bei halisi.