Homoni, Nguvu ya Seli na Uzee Wenye Afya

Tumesukumwa kuandika makala haya na chupa. Ni zile chupa zinazouzwa stendi, sokoni na, kwa masikitiko yetu, hata nje ya uzio wa kanisa baada ya Misa, zikiahidi kurudisha ujana, kuamsha homoni na kuupa mwili nguvu mpya. Mzee anayeinunua si mjinga. Muuzaji amechanganya uongo na ukweli kidogo, na mchanganyiko huo ndio mgumu kuutambua. Ni kweli kwamba homoni hubadilika uzeeni, na ni kweli pia kwamba nguvu ya seli hupungua. Hatari huanza pale mzee anapoiacha dawa ya kisukari aliyopewa zahanati kwa kuitumainia chupa hiyo.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa matrilioni ya seli. Ndani ya seli nyingi mna vijumba vidogo mno viitwavyo mitokondria. Humo sukari na mafuta yatokanayo na chakula huunguzwa taratibu kwa oksijeni tunayovuta, na kutoka humo hupatikana ATP, nishati ambayo seli huitumia kwa kila kazi, iwe ni moyo kudunda au kidonda kufunga. Nishati hiyo haiwekwi ghalani. Hutengenezwa na kutumika papo hapo, usiku na mchana. Homoni, kwa upande wake, ni wajumbe. Hutoka katika tezi, husafiri katika damu na kuziambia seli la kufanya. Insulini, itokayo kwenye kongosho, huzifanya seli za misuli zifungue mlango ili sukari iingie.

Umri unaposonga, misuli hupungua, na mitokondria iliyomo hupungua na kufanya kazi kwa unyonge zaidi. Misuli isiyotumika huwa kama sikio zito: insulini inabisha hodi, mlango unachelewa kufunguka, sukari inabaki katika damu. Hivyo mtu anaweza kuwa na sukari tele katika damu huku akilalamika kwamba hana nguvu.

Kwa wanawake badiliko huja kwa kishindo zaidi. Hedhi hukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, na homoni ya estrojeni hushuka sana. Hapo huja joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa kukatika. Mifupa nayo hupoteza mlinzi wake na huanza kudhoofika kwa kasi. Wengi hulibeba jambo hili kimyakimya, na nyumbani husemwa kwamba mama amekuwa mkali siku hizi. Kwa wanaume, testosteroni hushuka polepole, takriban asilimia 1 kwa mwaka baada ya umri wa miaka 40 hivi, wala si kila uchovu wa mzee utokane nayo.

Tamaa ya kurudisha homoni iliyopungua si ngeni. Mwaka 1889, mjini Paris, daktari mashuhuri Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius katika bahari yetu hii ya Hindi, alitangaza kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama na kujisikia kijana tena. Alikuwa na miaka 72. Alifariki mwaka 1894, na nguvu ile aliyoisikia ilitoka zaidi katika matumaini yake kuliko katika sindano.

Hata homoni halisi, itolewayo kwa utaalamu, hudai uangalifu. Mwaka 2002 nchini Marekani sehemu ya utafiti mkubwa iliyohusisha wanawake zaidi ya 16,000 ilisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa waliopewa estrojeni pamoja na projestini walionekana kupata zaidi saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda, ingawa mifupa yao ilivunjika kwa nadra. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa wenye umri chini ya miaka 60 wanaoteswa na dalili za ukomo wa hedhi, faida yaweza kuzidi madhara. Uamuzi huo basi ni wa mwanamke na daktari anayemjua, aliyempima. Mwenye chupa hajampima mtu.

Lipo hata hivyo jambo linalozigusa homoni na mitokondria kwa pamoja, nalo halina bei: kuitumikisha misuli. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata insulini ikiwa dhaifu, na ukizoezwa mara kwa mara huongeza mitokondria. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha habari za wazee 10 dhaifu, wenye umri wa takriban miaka 90, waliozoezwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa majuma 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Nyumbani kwetu yatosha kuanza na kuinuka kitini mara 10 bila kujishika, asubuhi na jioni, kijana akiwa karibu. Msuli huo wahitaji pia protini: maharage, dagaa, yai, maziwa. Wazee wengi tunaowatembelea hula ugali na mboga za majani tu, eti nyama ni ya watoto.

Tena kuna suala la Kwaresima, ambalo huulizwa kila mwaka. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, huwafunga watu wazima kufunga hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Baada ya hapo hawadaiwi, na mgonjwa hadaiwi katika umri wowote. Mzee atumiaye insulini akikaa na njaa kutwa, sukari yake yaweza kushuka hadi akazimia. Bibi akisisitiza kufunga, aende kwanza kwa mganga wake, kisha azungumze na paroko kuhusu tendo jingine la toba atakaloliweza.