Mbwa Amsaidiaye Kiziwi Aitweje?

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao makuu yake ni Bariadi, mbwa ni mwenzi wa mfugaji. Mchana hufuatana na ng'ombe malishoni; usiku hulinda zizi dhidi ya fisi. Silaha yake kubwa ni sauti: abwekapo, wenye nyumba huamka. Lakini je, ikiwa mwenye nyumba ni kiziwi? Mbwa aweza kubweka hadi kukuche, na mbuzi akachukuliwa, kwa kuwa habari imetolewa kwa njia isiyomfikia ahusikaye.

Katika nchi nyingine tatizo hilo limepatiwa ufumbuzi. Nchini Marekani tangu miaka ya 1970, na nchini Uingereza tangu mwaka 1982, wako mbwa wanaofunzwa kuwasaidia viziwi. Sikio la binadamu hupokea sauti zenye mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufikia karibu 45,000. Mafunzo hayaongezi uwezo huo aliozaliwa nao. Afundishwacho mbwa ni mambo mawili. Kwanza, kuzitambua sauti zenye maana: hodi mlangoni, kilio cha mtoto mchanga, kengele ya saa. Pili, kumgusa mwenyewe kwa pua au kwa mguu, kisha kumwongoza hadi sauti itokako. King'ora cha moto kikilia, mbwa wengi hufundishwa kumgusa mtu na kulala chini papo hapo, ili ajue kwamba kuna hatari, wala asipelekwe kwenye moto.

Sasa tumwite nani mnyama huyu? Waingereza humwita kwa jina lenye maana ya "mbwa wa kusikia". Jina hilo halitufai sana, maana karibu kila mbwa husikia. "Mbwa kiziwi" ni kosa kubwa zaidi: huyo ni mbwa asiyesikia, na kweli wako, hasa miongoni mwa baadhi ya mbwa weupe. "Mbwa wa viziwi" humtaja mwenye mbwa, haitaji kazi. "Mbwa msikivu" hupendeza masikioni, lakini katika Kiswahili msikivu ni mtii, kama tusemavyo mtoto msikivu. "Mbwa mwongozaji" afadhali abaki wa kipofu.

Mimi napendekeza "mbwa mjulishaji". Mwanafunzi ataona mara moja jinsi neno lilivyoundwa: jua, julisha, mjulishaji. Linataja hasa tendo linalomtofautisha mbwa huyu na yule wa zizini. Tena linafuata kawaida ya lugha yetu, ambayo tayari ina mbwa mwitu na mbwa koko.

Msomaji asidhani kwamba huu ni ubishi wa maneno matupu. Vijijini mwetu watu huogopa kichaa cha mbwa, na wana haki ya kuogopa, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu daima huua. Mlinzi wa lango la hospitali amwonapo mbwa, humfukuza. Kiziwi akiwa na cheti cha chanjo ya mbwa wake, na pia jina linaloeleza kazi yake, mlinzi ataweza kuelewa kwamba mbele yake pana msaada, kama ilivyo miwani au fimbo nyeupe. Pasipo jina, kila siku kiziwi atalazimika kueleza upya, tena kwa watu wasiojua lugha yake.

Kusanifu istilahi ni kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967. Hata hivyo, hapana budi viziwi wenyewe waulizwe, kwa njia ya Chama cha Viziwi Tanzania, na wao ndio wachague ishara yake katika Lugha ya Alama. Jina "bubu" walipachikwa na watu wasikiao, ambao hawakutambua kwamba viziwi wengi wana viungo vizima vya sauti, na kwamba wana lugha yao kamili.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hili: waunde majina ya mbwa amsaidiaye mwenye kifafa na mbwa anusaye mabomu yaliyofukiwa ardhini, kisha waeleze kila jina limetaja nini: mnyama, mwenye shida, au kazi.