Hewa ya Ukaa Katika Pango la Tham Luang

Wasomaji wetu wengi bila shaka wanaukumbuka mkasa wa mwaka 2018 uliowashughulisha watu wa mataifa mengi kwa siku kumi na nane. Tarehe 23 Juni mwaka huo, wavulana 12 wa timu moja ya kandanda, wenye umri wa kati ya miaka 11 na 16, pamoja na kocha wao msaidizi aliyekuwa na miaka 25, waliingia katika pango la Tham Luang, mkoani Chiang Rai, kaskazini mwa Tailandi. Mvua ilinyesha milimani, maji yakaijaza njia nyuma yao, nao wakalazimika kusogea ndani zaidi na zaidi, hata wakakwama juu ya tuta la matope yapata kilometa nne kutoka mlangoni. Usiku wa tarehe 2 Julai walionwa na wapiga mbizi wawili wa Kiingereza, Richard Stanton na John Volanthen. Wote kumi na watatu walikuwa hai, baada ya siku tisa pasipo chakula, wakinywa maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kuta za pango.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya ushujaa wa waokoaji, na wanastahili. Nia ya makala hii ni finyu zaidi. Kila niulizwapo na wanafunzi juu ya mkasa ule, swali huwa juu ya maji. Ni kweli kwamba maji ndiyo yaliyowafungia watoto wale. Lakini mtu akiwa mahali pakavu, ana chakula na taa, kwa nini asingoje miezi minne mpaka mvua ziishe? Shauri hilo lilitolewa, likafikiriwa, likaachwa. Na sababu mojawapo kubwa ilikuwa gesi ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaijua: kabonidayoksaidi, ambayo wengi huiita hewa ya ukaa. Jambo la ajabu ni kwamba gesi hiyo hiyo ndiyo iliyolichonga pango lenyewe.

Natumaini mwalimu ataonyesha jambo hili darasani, maana vifaa vyake ni vichache. Chukua maji ya chokaa yaliyochujwa vizuri, uyazimue kidogo, kisha uyapulizie pumzi kwa mrija (anayepuliza aangalie asiyavute kinywani, kwani huchoma). Baada ya muda mfupi maji hugeuka meupe kama maziwa. Huo ndio ushahidi wa kawaida kwamba pumzi yetu ina hewa ya ukaa:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Walimu wengi hukomea hapo, nami nilifundishwa hivyo hivyo. Lakini mwanafunzi mwenye subira akiendelea kupuliza, ataona ule weupe ukififia na maji kuwa maangavu tena:

CaCO3 + H2O + CO2 → Ca(HCO3)2

Chokaa iliyokuwa yabisi imeyeyuka. Hatua hii ya pili ndiyo inayochonga mapango. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa kidogo angani, na nyingine nyingi zaidi katika udongo, ambamo mizizi na vijidudu huitoa kwa wingi; yanapopenya nyufa za miamba ya chokaa huwa ni asidi dhaifu, nayo huula mwamba taratibu kwa muda wa maelfu na maelfu ya miaka. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yalichongwa kwa njia hiyo, na Tham Luang vilevile. Maji hayo yanapodondoka kutoka dari na kuipoteza gesi yake, mabadiliko hurudi kinyume na chokaa huganda kuwa yale mawe marefu yanayoning'inia kama chuchu.

Kutokana na asili hiyo yafaa ieleweke kwamba mlima wa chokaa hauna mito mingi juu yake. Vijito hutumbukia katika mashimo na nyufa, na maji husafiri chini kwa chini. Pango kama hilo ni mfereji wa mlima. Mvua ikinyesha kwa nguvu, mfereji hujaa kwa muda wa saa chache, hata kama mlangoni hakuna tone. Kibao kilichokuwapo mlangoni mwa Tham Luang kiliwaonya wageni juu ya mafuriko ya kuanzia mwezi wa Julai. Mwaka ule mvua kubwa zilitangulia. Waokoaji walipiga maji kwa pampu usiku na mchana na kuyachepusha maji ya vijito mlimani. Mashamba ya mpunga yaliyo chini ya mlima yalifurika kwa maji hayo, na baadhi ya wakulima walikataa kulipwa fidia.

Sasa tuje kwenye hewa. Mtu mzima aliyetulia hutumia yapata lita 15 za oksijeni kwa saa. Watu 13 watatumia lita 195 kwa saa, yaani karibu meta za ujazo 4.7 kwa siku. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wamefungiwa katika chumba cha meta 10 kwa 10 kwa 5. Chumba hicho kina meta za ujazo 500 za hewa, na katika hizo oksijeni ni asilimia 21, yaani meta 105. Ili oksijeni ishuke hadi asilimia 15, meta 30 hazina budi kutumika. Zitakwisha kwa siku sita na ushei. Wakiongezwa watu wanne, muda huo unapungua na kuwa siku tano. Nimeitaja idadi hiyo kwa makusudi: baada ya watoto kuonekana, daktari mmoja na askari watatu wa kikosi cha wapiga mbizi wa jeshi la majini la Tailandi walikaa nao hadi mwisho. Kila aliyeingia kuwasaidia alikuja na pua yake.

Tarehe 6 Julai ilitangazwa kwamba oksijeni mahali pale imeshuka hadi asilimia 15. Usiku wa kuamkia siku hiyo Saman Kunan, mpiga mbizi wa zamani wa jeshi hilo aliyejitolea, alifariki akitoka kupanga mitungi ya hewa njiani.

Magazeti yaliishikilia sana tarakimu hiyo ya 15, na kwa kweli inatisha: pumzi tunayoitoa nje ina oksijeni ya asilimia 16 hivi, kwa hiyo watoto wale walikuwa wakivuta hewa iliyo duni kuliko ile ambayo sisi tunaitupa. Hata hivyo tarakimu hiyo peke yake isingeua. Mpanda mlima aliyelala katika kibanda cha Mandara, Kilimanjaro, kwenye kimo cha meta 2,700 hivi, hupata oksijeni kiasi hicho hicho kwa kila pumzi, na asubuhi huendelea na safari. Tofauti ni kwamba mlimani hewa ni nyepesi lakini ni safi. Pangoni, kila lita ya oksijeni inayotumika huacha mahali pake karibu lita 0.8 za hewa ya ukaa. Katika chumba chetu cha mfano, oksijeni ikifika asilimia 15, hewa ya ukaa itakuwa karibu asilimia 5, ambapo katika hewa ya kawaida ni asilimia 0.04 tu. Katika pango halisi sehemu yake huyeyuka majini na nyingine hupotelea nyufani, hivyo hiki ni kikomo cha juu. Lakini kwa kiwango cha asilimia 5 mtu huhema upesi, kichwa humgonga na akili huanza kuchafuka.

Mwili wetu hauhisi sana upungufu wa oksijeni. Kinachotufanya tutwete ni kuzidi kwa hewa ya ukaa katika damu. Anayetweta huogopa, na anayeogopa hutumia oksijeni zaidi na kutoa hewa ya ukaa zaidi. Kocha msaidizi, ambaye aliwahi kuishi katika nyumba ya watawa wa Kibuddha, aliwafundisha watoto kuketi kimya na kutafakari. Wengine waliliona hilo kuwa ni jambo la imani tu. Mimi naliona pia kuwa ni kubana matumizi ya oksijeni.

Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyoamua namna ya kuwatoa. Njia ilikuwa na sehemu zilizojaa maji ya matope kabisa, nyembamba, zisizoonekana hata kiganja. Mtoto akishikwa na hofu chini ya maji angejivua barakoa na kumuua mwokozi wake pia. Kwa hiyo Dkt. Richard Harris, bingwa wa dawa za usingizi kutoka Australia, pamoja na mwenzake Craig Challen, daktari wa mifugo, waliamua kuwalaza. Kila mtoto alipewa alprazolamu ya kutuliza, atropini ya kukausha mate yasimpalie, na sindano ya ketamini. Ketamini inajulikana vizuri katika hospitali zetu za wilaya, kwa sababu mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe bila mashine. Lakini nguvu yake hupungua upesi, hivyo wapiga mbizi wasio madaktari walifundishwa kuchoma sindano nyingine njiani. Mtoto alivishwa suti ya mpira, maana maji ya nyuzi 23 humpoza mtu haraka kuliko hewa ya joto hilo, akafunikwa uso mzima kwa barakoa, akabebwa kama mzigo.

Wanne walitoka tarehe 8 Julai, wanne tarehe 9, na wanne pamoja na kocha tarehe 10. Saa chache baadaye, wafanyakazi walipokuwa bado ndani wakikusanya vyombo, pampu kubwa iliharibika na maji yakaanza kupanda. Wakaacha vyombo, wakakimbilia mlangoni.