Mtoto amechelewa kukaa? Mama yake si wa kulaumiwa

Mtoto wa miezi kumi asiyeweza kukaa huzua minong'ono uani kabla hajafikishwa hospitali. "Huyo kabemendwa," husema watu kuanzia Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, wakimaanisha kwamba wazazi, na hasa mama, wamevunja mwiko wa tendo la ndoa wakati mtoto bado ananyonya. Wengine hutaja jini au mkono wa mtu.

Mwiko huo ulikuwa na hekima yake: mama asishike mimba mapema, mtoto akakatizwa ziwa. Lakini tendo la ndoa haliharibu maziwa. Maziwa hutengenezwa kwenye tezi za matiti, na mbegu za kiume hazifiki huko.

Sababu ziko kwingine. Mojawapo ni mtindio wa ubongo: sehemu ya ubongo inayoongoza misuli hudhurika mimbani, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mtoto aliyechelewa kupumua alipozaliwa, aliyepata umanjano mkali au homa ya uti wa mgongo yumo hatarini. Utapiamlo nao hulegeza misuli, na upungufu wa vitamini D huleta matege.

Mengi kati ya haya hutibika au hupunguzwa makali yakiwahiwa. Hata nyayo za kifundo, yaani zilizopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa, hunyooshwa taratibu na kufungwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kisha mtoto huvaa viatu maalumu kwa miaka kadhaa. Njia hiyo ya Dk. Ignacio Ponseti hutumika hata hapa Dar es Salaam, katika hospitali ya CCBRT, Msasani. Kwa mtindio wa ubongo, mazoezi ya viungo humsaidia mtoto zaidi yakianza angali mchanga.

Ndiyo maana lawama ni hatari. Mama anayeshukiwa kuvunja mwiko humficha mtoto ndani, na miezi ya thamani hupotea kwa kuhama kutoka mganga mmoja hadi mwingine.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote hukaa bila kuegemea wafikapo miezi 9, na hutembea wenyewe wafikapo miezi 18. Wako akipitiliza, au mwili wake ukikakamaa au kulegea kupita kiasi, mpeleke kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu, ukiwa na kadi yake. Baba na mama mkwe nao waende, wayasikie maelezo ya daktari kwa masikio yao.