Nyigu wa Paraguay na Muhogo wa Kongo

Muhogo uliletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini, na katika Kongo umekuwa nguzo ya chakula: mizizi yake hutoa unga wa bukari, majani yake hupikwa sombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mashamba ya pande za Kinshasa na Brazzaville, alionekana mdudu mgeni aliyefunikwa na kitu cheupe kama unga. Mwaka 1977 alipewa jina la kitaalamu Phenacoccus manihoti. Mdudu huyo hufyonza utomvu wa machipukizi. Majani hujikunja, pingili za shina hufupika, na mizizi hubaki midogo. Hivyo mkulima hupoteza sombe, bukari, na hata vijiti vyema vya kupanda msimu ufuatao.

Kuenea kwake kulikuwa na sababu mbili. Kwanza, wadudu hao wote ni majike, nao huzaa bila dume. Mmoja tu akibebwa katika kijiti cha kupandia atosha kuanzisha kizazi kipya. Pili, alipohama kwao, maadui zake hawakuhama naye. Dawa za sumu zilikuwa ghali kwa mkulima mdogo, tena majani yenyewe ni mboga.

Kwa hiyo wataalamu waliwatafuta maadui hao katika asili ya mdudu. Kaskazini mwa Amerika ya Kusini walipata mdudu wa jamii nyingine. Mwaka 1981 Anthony Bellotti alimwona mdudu mwenyewe nchini Paraguay, na huko alipatikana nyigu mdogo, Anagyrus lopezi. Baada ya karantini Uingereza, nyigu hao waliachiliwa Nigeria mwaka huohuo na taasisi ya IITA ya Ibadan, katika mpango ulioongozwa na Hans Herren, ambaye mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Dunia ya Chakula.

Nyigu jike hutaga yai ndani ya mwili wa mdudu. Kiluwiluwi humla kutoka ndani, na gamba kavu tu hubaki. Nyigu hao walienea katika nchi zaidi ya 20, wakajizalia wenyewe, pasipo mkulima kununua kitu.

Hata hivyo, msaada huo una masharti. Katika udongo wa mchanga uliochoka nguvu zake hupungua, na dawa ya sumu inyunyizwayo ovyo humwua nyigu pamoja na mdudu. Anayerutubisha udongo na kuizuia sumu humlinda mlinzi wa muhogo wake.