SUMU ISIYOONEKANA KATIKA CHAKULA CHA BWAISE

Ndugu wasikilizaji, maafande na askari wa majeshi yetu, ninyi wa polisi, na jamaa zenu mlio nao makambini na mitaani, maoni yetu ya leo yahusu jambo ambalo jicho halilioni wala ulimi hauwezi kulionja: sumu iliyomo katika mazao ya chakula, na jinsi wataalamu wanavyoitambua.

Bwaise mwaijua. Wengi wenu mmefanya doria katika vichochoro vyake, na wengine mmepanga vyumba huko. Ni bonde lililojengwa juu ya kinamasi, kaskazini ya Kampala, katika Divisheni ya Kawempe. Mvua ikinyesha milimani, maji yote hushukia hapo, yakapita mfereji wa Nsooba na kuishia katika kinamasi cha Lubigi. Maji hayo hayaji peke yake. Hubeba mafuta ya gereji, maji machafu ya vyoo, vumbi la barabara na masalio ya karakana za vyuma. Kando ya mfereji uo huo wananchi wamepanda majimbi, miwa na mchicha ule tuuitao dodo. Hatuwalaumu. Mwenye watoto na kipande cha ardhi yenye rutuba hana budi kulima. Aidha, jirani ya Bwaise, upande wa barabara ya Gayaza, lipo soko kubwa la Kalerwe, lipokealo nyanya, kabichi, maharagwe, karanga na mahindi kutoka wilaya nyingi. Hivyo mkaaji wa Bwaise hula aina mbili za chakula: kilichoota katika maji yake mwenyewe, na kilicholimwa mbali na mtu asiyemjua.

Tuanze na kile cha nyumbani. Katika mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere, juu ya udongo na mboga za kando ya barabara za Kampala. Walipima madini matatu: risasi, kadmiamu na zinki. Risasi tunayoisema ndiyo iliyotoa jina la risasi ya bunduki, ila hii haipigi kishindo. Hujikusanya mwilini pole pole na kudhoofisha akili ya mtoto mdogo kuliko yote. Waliona kwamba madini hayo yalipungua kadiri mtu anavyokwenda mbali na barabara, na kwamba mboga za majani ndizo zilizobeba mzigo mkubwa. Shauri lao lilikuwa mboga za majani zisilimwe ndani ya mita 30 kutoka barabara yenye magari mengi. Afande yeyote aijuaye Bwaise na ajiulize mwenyewe: ni wapi pale penye mita 30 zilizo tupu?

Ni kweli kwamba nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli yenye risasi ifikapo mwanzo wa mwaka 2006. Lakini madini hayaozi. Yaliyotua ardhini wakati ule yangalimo, na vumbi huyainua tena. Kuyatambua, fundi wa maabara huichoma mboga ikawa majivu, au huiyeyusha katika asidi kali, kisha hupitisha maji yake katika mwali wa moto na kumulika mwanga maalumu kupitia mwali huo. Kila madini hunyonya rangi yake ya mwanga, wala haigusi ya mwenziwe. Kiasi cha mwanga kilichopotea ndicho kiasi cha madini kilichomo.

Madawa ya kuulia wadudu yana hadithi nyingine, ambayo mwanajeshi yampasa kuijua kwa sababu ya kazi yake. Mwaka 1936, mkemia Mjerumani aitwaye Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa mpya ya kuulia wadudu wa mashambani. Alichopata kilikuwa tabun, na mwaka 1938 yeye na wenzake wakapata sarin. Hizo ni gesi za vita zinazoshambulia neva. Madawa ya wadudu ya jamii ya fosfati, ambayo mkulima huyanunua dukani kwa chupa, ni ndugu wa gesi hizo, ingawa nguvu yake ni ndogo zaidi. Yote hufanya kazi ya namna moja: hukizuia kimeng'enya kimoja mwilini kinachozima ishara za neva. Ishara isipozimwa, misuli hutetemeka, mate na jasho humtoka mtu, mboni za macho hujibana zikawa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi hukatika.

Ubaya huo huo ndio uliowapa wataalamu njia rahisi ya kuyatambua madawa hayo. Huchukua kimeng'enya hicho kikiwa kimetiwa katika karatasi, wakakidondoshea maji yaliyotokana na mboga, kisha wakatia kemikali ambayo hubadilika rangi kimeng'enya kikiwa kizima. Rangi ikitokea, mboga haina dawa ya jamii ile kwa kiasi cha kuonekana. Rangi isipotokea, kimeng'enya kimeuawa, na muuaji yumo katika mboga. Kipimo hiki huchukua dakika chache tu, na kinaweza kufanywa sokoni juu ya meza. Lakini hakisemi ni dawa gani, wala ni kiasi gani, na kwa madawa ya jamii nyingine nyingi ni kipofu kabisa.

Kwa jibu ambalo hakimu atalikubali, sharti twende maabara. Huko nyanya husagwa pamoja na ganda lake, uji wake hupimwa kwa mizani, hutiwa kimiminika kiitwacho asetonitraili pamoja na chumvi, hutikiswa, halafu huzungushwa kwa kasi ili maji na makapi yajitenge. Dawa hubaki katika kimiminika. Tone dogo la kimiminika hicho huingizwa katika mtambo wenye mrija mwembamba sana, ambao mara nyingi urefu wake ni kama mita 30, umeviringishwa ndani ya tanuri. Mtambo huo huitwa kromatografia ya gesi. Kila kemikali hupita mrijani kwa mwendo wake, kama askari wanaopita mbele ya mkaguzi mmoja mmoja. Mwishoni yupo mkaguzi mwenyewe, mtambo wa pili, unaoivunja kila kemikali vipande vipande na kuvipima uzito. Vipande hivyo ni kama alama za vidole: polisi mwajua thamani yake.

Hata hivyo, mtambo huona kile ulichotayarishwa kukitafuta. Mfano ni mankozebu, dawa ya ukungu ambayo wakulima wetu huipenda mno katika nyanya, nayo ndiyo mara nyingi huacha yale madoa meupe muyaonayo sokoni. Mankozebu haipiti katika mrija ule ikiwa nzima. Yapasa kwanza ivunjwe kwa asidi itoe gesi, ndipo gesi hiyo ipimwe. Mpimaji asiyejua hayo ataiandika nyanya kuwa safi hali imepakwa dawa. Tena, mankozebu ikipikwa huzaa kemikali nyingine yenye madhara kwa tezi la shingo, hivyo kuosha nyanya baada ya kuikatia sufuriani ni kazi bure. Ioshwe kwanza, kwa maji safi yanayotiririka, isuguliwe kwa mkono, na mwenye nafasi ailambue ganda.

Sumu ya tatu haitoki kwa mkulima wala kiwandani; hutokana na kuvu. Aflatoksini iligunduliwa baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuichunguza katika chakula cha watu. Kati ya Septemba 1966 na Juni 1967 zilikusanywa sampuli 480 za vyakula vilivyowekwa akiba katika sehemu mbalimbali za nchi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1971: asilimia 29.6 ya sampuli zilikuwa na aflatoksini, na asilimia 3.7 zilikuwa na zaidi ya sehemu moja katika milioni. Sehemu zilizokuwa na sumu nyingi zaidi zilikuwa pia na saratani ya ini kwa wingi. Kwa kulinganisha, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 katika bilioni, ambazo ni sawa na gramu moja katika tani 100. Huko Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, na 125 wakafa.

Kupika hakuiui. Posho iliyochemka saa nzima hubaki na sumu yake.

Na hapa ndipo tunapotaka kusema lililo moyoni. Tarehe 5 Machi 1921 haikuwa na habari hii, bali tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie nchini mwake kwa sababu ya sumu za kuvu. Baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa hati ya kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi kiwango. Ghafla kila mwenye lori akajifunza neno aflatoksini. Vivyo hivyo, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 iliiweka pilipili kali ya Uganda katika orodha ya mazao ya kukaguliwa zaidi kwa ajili ya mabaki ya madawa, na wasafirishaji wakaanza kuhangaika. Haya ni mema. Lakini mahindi yaliyokataliwa mpakani hayageuki kuwa mawe. Yanarudi, nayo yana mnunuzi. Mnunuzi huyo ni mama wa Bwaise mwenye shilingi chache, au mwenye zabuni ya kulisha shule, gereza au kambi. Nchi inayopima kwa bidii kile kitakacholiwa na mgeni, na kuacha kile kitakacholiwa na mwenyeji, imegeuza mambo juu chini. Sheria tunazo, kama ile ya kudhibiti madawa ya kilimo ya mwaka 2006. Shirika la Viwango tunalo, na Maabara ya Mkemia wa Serikali ipo Wandegeya, kilomita chache tu kutoka Bwaise kwa barabara ile ile ya Bombo. Kinachokosekana ni sampuli ya Kalerwe kufika Wandegeya kabla ya mtu kuugua.

Tena sampuli yenyewe ndiyo mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Kuvu haimwagiki sawasawa guniani. Punje moja yaweza kubeba sumu ya kutosha kuharibu kilo nzima, na jirani zake wakawa safi. Mtunza bohari anayechota kiganja kimoja juu ya gunia la kwanza hajapima kitu. Bambo liingizwe katika magunia mengi, juu, katikati na chini, punje zote zichanganywe, ndipo igawanywe ile ya kupeleka maabara. Nafaka iwekwe katika mfuko wa karatasi au nguo, maana plastiki huifungia unyevu na kuvu ikaendelea kukua njiani. Askari wa upelelezi anayechukua mabaki ya chakula kinachodhaniwa kuwa na sumu atumie chupa safi ya kioo, aifunge kwa lakiri, aandike saa, mahali na jina lake, aiweke penye baridi, na kila mkono unaoipokea utie saini. Mtambo wa mamilioni hauwezi kuokoa chupa isiyojulikana ilikotoka.

Mnakumbuka yaliyotokea Karamoja mwezi Machi 2019. Mamia ya watu katika Napak na Amudat waliugua, na kadhaa wakafa, baada ya kula unga wa lishe uliotolewa na Mpango wa Chakula Duniani. Vipimo vya maabara vilibainisha atropini na skopolamini, sumu za mmea wa mnanaha ambao mbegu zake hujichanganya na soya shambani. Dalili zake ni kinyume cha zile za dawa ya wadudu: kinywa hukauka, mboni hupanuka, mtu hupayuka na kuchanganyikiwa. Na ajabu ya uganga ni kwamba atropini hiyo hiyo ndiyo dawa anayodungwa mtu aliyekunywa sumu ya wadudu. Kwa hiyo askari anayefika wa kwanza kwenye tukio na aangalie macho ya mgonjwa na kuyaeleza kwa daktari jinsi alivyoyaona. Maelezo hayo yaweza kutangulia jibu la maabara kwa siku nyingi.

Kwa watunza bohari, lipo jaribio lisilo na gharama. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi moja, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, nayo yataota kuvu. Yarudishwe juani, juu ya turubai na si juu ya udongo, mpaka yakaribie asilimia 13. Karanga zilizokunjamana au kubadilika rangi zitolewe moja moja kwa mkono, wala zisitupiwe kuku wa kambini. Na bohari iliyofukizwa kwa vidonge vya fosfini isilalwe na mlinzi, wala asilale katika chumba kinachopakana nayo, hata mvua ikiwa kubwa kiasi gani, mpaka milango imefunguliwa na hewa imepita kwa muda ulioandikwa katika kopo la dawa.