Bukavu: Wakaaji wa milimani wapigana na maji mwaka mzima ili nyumba zisimame

Katika wiki za mwisho za Agosti, kelele za nyundo husikika tangu asubuhi katika komine ya Kadutu, mjini Bukavu, mkoani Kivu Kusini. Watu wako juu ya mapaa wakigongomea misumari, wengine wako chini wakichimbua mifereji iliyojaa udongo na chupa za plastiki. Mvua inangojewa Septemba. Mwenye nyumba aliyechelewa atafanya kazi hiyo hiyo usiku, akiwa amelowa, kwa mwanga wa tochi ya simu.

Mji huu umekaa juu ya vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Kivu, ambalo lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei, ikipungua kidogo kati ya Januari na Februari, kisha kiangazi kinashika Juni, Julai na Agosti. Maana yake ni kwamba kwa miezi tisa nyumba inapigwa na maji, na kwa miezi mitatu mwenye nyumba anapata nafasi ya kuitengeneza. Mwaka wote unapangwa hivyo, hata kwa familia ambayo haijawahi kuandika mpango wowote kwenye karatasi.

Katika komine za Ibanda, Kadutu na Bagira kuna nyumba za kila namna: za matofali ya kuchoma zilizoachwa na wakoloni, ghorofa mpya za simenti kando ya ziwa, na maelfu ya nyumba za mbao zilizobanana kwenye miteremko. Nyumba za mbao hudharauliwa, lakini zina faida yake. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipotikisa Bukavu na Cyangugu ng'ambo ya mto Ruzizi, kuta za matofali zilipasuka na nyingine zikaanguka. Mbao hujipinda, hulia, kisha hurudi mahali pake. Tena zinaweza kung'olewa na kupigiliwa upya mahali pengine, jambo ambalo kwa wakaaji wa mtaa wa Funu lina maana kubwa.

Funu iko juu ya ardhi inayotembea. Ni maporomoko makubwa ya ardhi, yenye eneo la hektari karibu 150, ambayo hayaporomoki kwa siku moja bali yanateleza polepole, na watu maelfu wanaishi juu yake. Watafiti walilinganisha picha zilizopigwa na ndege zama za ukoloni na vipimo vya satelaiti vya miaka ya karibuni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na jarida la Nature Geoscience, walieleza kwamba mwendo wa ardhi hiyo umeongezeka kadiri mji ulivyojengwa juu yake. Sababu mojawapo ni namna maji yanavyopita siku hizi: mapaa, vijia, mifereji na mabomba yanayovuja vimebadilisha mahali ambapo maji yanaingia ardhini.

Hapo ndipo ukarabati wa nyumba moja unapoacha kuwa shauri la mwenye nyumba peke yake. Bati la mita tatu kwa mita nne linakusanya lita kumi na mbili za maji kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu Bukavu mwezi wa Aprili, inashusha lita karibu 500 kutoka kwenye paa hilo dogo. Kama maji hayo hayana njia, yanaanguka nyuma ya nyumba, yanachimba msingi, kisha yanashukia kwa jirani wa chini pamoja na udongo. Jirani naye ana paa lake. Ukihesabu nyumba 30 zilizopangana kwenye mteremko mmoja kama ngazi, utaelewa kwa nini ugomvi mwingi wa majirani unaofika mbele ya shefu wa avenyu unahusu maji.

Mafundi wa Kadutu wanaanza kazi ya kiangazi juu, wanashuka chini. Paa kwanza. Bati, au manjanja kama wengi wanavyoliita, haliozi kwa mara moja. Kutu huanzia kwenye tundu la msumari na pale bati mbili zinapolaliana, kwa kuwa maji hukaa hapo. Msumari uliolegea unang'olewa na kupigiliwa mwingine mnene kidogo, ukiwa na kipande cha mpira chini ya kichwa chake. Anayekosa misumari yenye mpira hukata vipande vya kandambili zilizochakaa, na vipande hivyo vinashika vizuri kwa misimu kadhaa. Tundu dogo huzibwa kwa lami iliyoyeyushwa. Kuna pia swali la unene: bati za BG 32, ambazo ni nyepesi na za bei nafuu, zinajikunja kwa upepo na kutobolewa na mvua ya mawe mapema kuliko BG 28. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, na wanunuzi wengi hudhani ni kinyume chake.

Mawe na mifuko ya mchanga inayowekwa juu ya paa ili upepo usilichukue ni dawa mbaya. Inakwaruza bati, inazuia maji, na siku nyumba inapotikisika inamwangukia mtu. Kufunga paa kwenye nguzo kwa waya au vipande vya chuma kunagharimu kidogo tu kuliko hapo, lakini ni kazi isiyoonekana kwa macho, na huenda ndiyo sababu inaahirishwa.

Baada ya paa, kuta. Mbao hupakwa mafuta machafu ya gari, yale yanayomwagwa gereji wakati wa kubadilisha oili. Yanafukuza mchwa na kuzuia maji yasinyonywe, ndiyo maana nyumba nyingi za Kadutu na za mji jirani wa Goma zina rangi nyeusi. Nguzo huoza pale zinapotokea ardhini, kwa kuwa sehemu hiyo inalowa na kukauka kila siku. Fundi mzuri huchimbua kando ya kila nguzo na kuichoma kwa ncha ya kisu: kisu kikizama, nguzo hiyo inakatwa chini na kuwekwa juu ya jiwe au kitako cha simenti. Kazi hii inawezekana Julai. Novemba, ardhi ikiwa tope, kuinyanyua nyumba kwa gogo ili kubadilisha nguzo ni kucheza na maisha.

Kisha inakuja sehemu ya nyuma ya nyumba, ambayo wageni hawaioni na ambayo huua. Ili kupata kiwanja sawasawa, mjenzi wa mlimani hukata mteremko na kuacha ukuta wa udongo uliosimama nyuma ya vyumba vya kulala. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, ukuta huo unabeba maji mengi na kushuka. Mvua kubwa ya mwisho wa Desemba 2023 iliua watu mjini Bukavu na kubomoa nyumba. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, katika teritware ya Kalehe kaskazini mwa mji, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yalikuwa yameua watu zaidi ya 400.

Familia zenye uwezo hujenga ukuta wa mawe. Ukuta huo lazima uwe na matundu ya kutolea maji, na kila kiangazi matundu hayo yazibuliwe kwa fimbo, la sivyo maji yanajaa nyuma yake na kuusukuma hadi unalala. Wasio na uwezo hupanga mifuko iliyojaa udongo au matairi ya zamani, wakishindilia kwa nguzo za karatusi. Bingobingo zikipandwa juu yake mwanzoni mwa mvua, mizizi inashika udongo, na majani yanauzwa kwa wafuga sungura na mbuzi. Kati ya ukuta huo na nyumba inapaswa kubaki nafasi ya mtu kupita na mfereji wa kupeleka maji pembeni. Katika viwanja vya mita tano kwa sita, nafasi hiyo ndiyo ya kwanza kugeuzwa jiko au chumba cha kijana aliyeoa.

Kuna ukaguzi mwingine usiohitaji fundi wala fedha. Nyufa za ardhini zinazofunguka Julai hujazwa udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa kabla ya Septemba, kwa sababu ufa ulioachwa wazi unapeleka maji ya kwanza moja kwa moja ndani ya mlima. Ufa wa ukutani huwekewa alama ya kalamu na tarehe kwenye ncha zake, ili baada ya miezi miwili ijulikane kama umeendelea. Na milango. Wakati wa mvua mlango wa mbao huvimba na kukwama, hilo ni la kawaida. Mlango unaokwama katikati ya Julai, mbao zikiwa kavu, unasema kwamba fremu yake imehama, yaani nyumba nayo imehama. Kwa Funu hiyo ni habari ya kila mwaka: sehemu nyingine ardhi husogea sentimita chache, nyingine zaidi ya mita moja kwa mwaka, na watu hunyoosha nyumba zao, huzipigilia upya, au huzihamishia mahali pengine.

Kuanzia Septemba hadi Desemba kazi inakuwa ndogo na ya mara kwa mara: kuzoa mchanga kwenye mfereji baada ya kila mvua kubwa, kutazama dari alfajiri, kusogeza pipa la maji ya paa lisifurike kwenye msingi. Januari mvua ikipunguza kasi, wengi hurudi kwenye paa kwa siku mbili au tatu. Wanaoikosa nafasi hiyo hujuta Machi na Aprili.

Kiangazi kina hatari yake pia, nayo ni moto. Mbao zilizokauka, nyumba zilizogusana, nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo, mishumaa na mbabula za makaa: katika mitaa kama Nyamugo moto ukianza nyumba moja unakula safu nzima, na gari la zimamoto halina njia ya kupita. Yale mafuta machafu yanayolinda mbao dhidi ya mchwa yanausaidia moto huo. Wengine wameanza kuacha ukuta wa upande wa jiko bila mafuta, au kuufunika kwa bati la zamani. Kutenganisha nyaya na mbao, na kubadilisha zile zilizochubuka, ni kazi ya Juni ambayo haionekani kwenye orodha ya watu wengi.

Shida kubwa ni nani alipe. Wapangaji ni wengi, na mpangaji aliyekwisha kutoa garanti ya miezi kadhaa haoni sababu ya kununua bati kwa ajili ya nyumba ya mtu. Mwenye nyumba naye husema kodi ni ndogo. Baadhi wanaelewana kwamba mpangaji atengeneze na akate gharama kwenye kodi, lakini makubaliano ya mdomo huishia kwenye ugomvi. Karatasi iliyosainiwa mbele ya mashahidi wawili ingewaokoa wote. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 na benki kufunga milango, fedha taslimu zimekuwa adimu, na matengenezo ni kati ya mambo ya kwanza kuahirishwa. Simenti, ambayo sehemu yake inatoka kiwanda cha Bugarama nchini Rwanda, inanunuliwa kwa kilo kwenye vijifuko badala ya mfuko mzima.

Kinachobaki bila mwenyewe kabisa ni mfereji wa avenyu. Kila familia inasafisha wake hadi unapokutana na ule mkubwa, kisha inaishia hapo. Salongo ya Jumamosi inafanyika avenyu nyingine na kusahaulika nyingine, kutegemea shefu. Mahali inapofanyika, kazi huanza juu ya mlima, na watu wa chini wanalalamika kwamba uchafu umesukumwa kwao tu. Wana haki. Chupa, sasheti na mifuko inayofagiwa Kadutu husubiri mvua kubwa, hushuka hadi ziwani, na mkondo wa maji unaipeleka hadi kwenye bwawa la Ruzizi, kilomita chache kutoka mahali mto unapotoka ziwani. Huko vijana huingia na mitumbwi kuiokota kwa mikono kabla haijafika kwenye mitambo inayoupa mji huo huo umeme.